Ukumbi wa Padova na Deni Letu kwa Wafu

(Hotuba iliyosomwa na mwalimu wa chuo mbele ya wazazi na wanafunzi wa utabibu na uuguzi)



Mwanzoni mwa mwaka huu mzazi mmoja alinijia pamoja na binti yake. Alivua kofia, akaketi, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwalimu, binti yangu ameniambia kwamba katika masomo yake atamshika maiti na kumpasua. Kwetu maiti huoshwa, huombewa, huzikwa. Hakatwi. Mimi nilimleta mtoto ajifunze kuponya watu walio hai; mbona mnamwanzisha kwa wafu? Na maiti huyo ni mtu wa nani?"

Hayo ni maswali mawili. La kwanza nililijibu papo hapo, maana kila mwalimu wa kazi yetu analo jibu lake. La pili lilinishika. Nilimwomba mzee anipe muda, na leo nataka kuyajibu yote mawili mbele yenu. Nilipata bahati ya kutembelea mahali ambapo masomo haya yalifanywa kwa muda wa karibu miaka 300, nami naona yafaa kwanza niwachukue huko.

Mahali penyewe ni mji wa Padova, kaskazini mwa Italia, si mbali na Venice. Mtu akipanda garimoshi hufika kabla ya saa moja kwisha. Chuo kikuu cha Padova kilianza mwaka 1222. Nyumba yake kuu ya zamani huitwa Bo, yaani maksai, kwa sababu palikuwapo hapo nyumba ya wageni yenye alama ya maksai. Katika ua wake na katika kuta zake mtu huona maelfu ya ngao zilizochorwa na kuchongwa, ambazo ni alama za jamaa za wanafunzi na walimu waliopita hapo. Ndani hutunzwa pia jukwaa la mbao ambalo husemwa kuwa Galileo alilitumia kufundishia, naye alifundisha Padova tangu mwaka 1592 hata mwaka 1610.

Lakini mimi sikwenda kutazama ngao wala jukwaa la Galileo. Nilikwenda kutazama ukumbi wa kupasulia maiti, uliojengwa mwaka 1594 na kuanza kutumika mwaka uliofuata. Kabla ya hapo walimu walikuwa wakijengewa jukwaa la mbao kila majira ya baridi, na masomo yakiisha jukwaa likavunjwa. Ukumbi huu ulijengwa ukae, nao ndio wa zamani kuliko zote za namna hiyo zilizosalia duniani. Mwalimu aliyesimamia kujengwa kwake aliitwa Girolamo Fabrici. Ukumbi ulitumika mpaka mwaka 1872.

Msidhani kwamba ni ukumbi mkubwa. Ukitaka kujua umbo lake, fikirini faneli ya kumiminia mafuta ya taa, pana juu na nyembamba chini, ila mdomo wake si wa duara bali ni wa umbo la yai. Ndani ya faneli hiyo zimejengwa safu sita za mbao, moja juu ya nyingine, kila moja ina ukingo wa mti wa jozi uliochongwa vizuri. Safu ni nyembamba mno hata mtu hawezi kuketi. Wanafunzi walisimama wamebanana bega kwa bega, wapata watu 250 au zaidi, wote wakiinamia chini. Katikati, kwenye ncha ya faneli, ndipo palipokuwa na meza. Juu ya meza ndipo palipokuwa na maiti.

Masomo yalifanywa wakati wa baridi, kwa sababu wakati wa joto maiti huharibika upesi, na siku hizo hapakuwa na dawa ya kuihifadhi wala mashine ya kuipoza. Mwanga ulikuwa wa mishumaa. Fikirini watu wengi hivyo mahali pembamba hivyo, na moshi, na harufu, kwa saa nyingi. Husemwa kwamba ule ukingo wa mbao ulisaidia pia kumzuia mwanafunzi aliyezimia asianguke chini.

Sasa sikilizeni jambo lililonigusa. Mgeni anayetembelea ukumbi huo siku hizi hapandishwi kwenye safu za wanafunzi, maana mbao ni za kale na nafasi ni ndogo. Huingizwa kwa chini, katika chumba kilichoitwa jiko, si kwa sababu ya chakula bali kwa sababu ndimo maiti ilimotayarishwa kabla ya somo. Kutoka jikoni mtu husogea mbele, akajikuta chini ya mahali pa meza, naye huinua macho na kuona safu zote sita zikimzunguka na kumwangalia. Maana yake ni kwamba mgeni wa leo hasimami mahali pa mwanafunzi wala mahali pa mwalimu. Husimama mahali pa maiti.

Nilisimama hapo nikatazama juu, wala sikusema neno. Penye mwingilio wa ukumbi kuna maneno ya Kilatini ambayo maana yake ni kwamba hapa ndipo mauti yanapofurahi kuusaidia uhai. Mawazo yangu yalikuwa haya: mauti huenda yakafurahi, lakini yule mtu aliyelala hapa, je, aliulizwa?

Nitarudi kwenye swali hilo. Kwanza nijibu swali la kwanza la mzee: kwa nini anayetaka kuponya walio hai aanze na wafu?

Kwa muda wa zaidi ya miaka 1,300 matabibu wa Ulaya, na wengi wa nchi za Kiislamu pia, walimfuata tabibu mmoja Myunani aliyeitwa Galen, mzaliwa wa Pergamon, mji ulio katika nchi ya Uturuki ya sasa. Galen alikuwa mtu hodari sana. Lakini katika zama zake haikuruhusiwa kupasua maiti ya binadamu, kwa hiyo alipasua nyani, nguruwe na wanyama wengine, kisha akadhani kwamba mambo mengi aliyoyaona ndani yao yamo pia ndani yetu. Vitabu vyake vikaheshimiwa kuliko macho. Katika vyuo vya Ulaya mwalimu aliketi juu ya kiti kirefu akisoma kitabu, na chini yake kinyozi mwenye kisu akapasua. Ikiwa kitabu kilisema hivi na mwili ukaonyesha vile, watu walisema mwili ndio wenye makosa.

Hata hivyo wako waliothubutu kusema kweli. Katika karne ya 13, tabibu mmoja wa Kairo, Ibn al-Nafis, aliandika kwamba ukuta uliogawanya moyo hauna matundu ya kupitisha damu kama Galen alivyosema, na kwamba damu hupita kwanza katika mapafu ndipo irudi upande wa pili wa moyo. Alisema kweli, lakini maneno yake hayakuenea.

Kisha mwaka 1537 alifika Padova kijana wa miaka 22, jina lake Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels. Huyu alifanya jambo dogo lililobadili mambo yote: alishuka kitini. Alikishika kisu kwa mkono wake mwenyewe, akapasua, akatazama, akawaonyesha wanafunzi. Galen alisema taya la chini la mtu ni mifupa miwili. Vesalius akaona ni mmoja. Galen alisema mfupa wa kifua una vipande saba; Vesalius akaona vitatu. Mwaka 1543 alitoa kitabu chake kikubwa chenye picha za mwili wa binadamu, akasahihisha makosa mengi ya kale. Tangu hapo mwalimu wa anatomia, yaani elimu ya viungo vya mwili, hakutakiwa tena kusema "imeandikwa" tu. Alitakiwa kusema "njoo uone". Ule ukumbi wa faneli ulijengwa ili watu wengi waweze kuja na kuona kwa pamoja.

Faida yake ilikuwa nini? Nitawapa mfano ambao kila mmoja wenu anaweza kuujaribu kwa mkono wake mwenyewe.

Yule Fabrici aliyesimamia ujenzi wa ukumbi aligundua kwamba ndani ya mishipa inayorudisha damu kuna vilango vidogo, kama vigozi vyembamba. Aliwaonyesha wanafunzi wake, na mwaka 1603 akaandika kitabu juu yake. Lakini hakujua kazi yake hasa. Alidhani vilango hivyo hupunguza mwendo wa damu tu, isije ikajaa yote mikononi na miguuni. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwako Mwingereza, William Harvey, aliyepata shahada ya udaktari Padova mwaka 1602. Harvey alirudi kwao na swali moja: vilango hivi vyote vinafunguka kuelekea moyoni, kwa nini?

Jioni mkiwa nyumbani, mfungeni mtu mwenye afya kitambaa juu kidogo ya kiwiko, msikaze mno, wala msikiache muda mrefu. Mtaona mishipa ya mkono ikitokeza, na hapa na pale uvimbe mdogo kama fundo la kamba. Hapo ndipo penye kilango. Wekeni kidole kimoja juu ya mshipa na kukandamiza. Kwa kidole cha pili isukumeni damu kuelekea kiwiko mpaka ipite fundo moja, kisha kiondoeni hicho cha pili. Mshipa utabaki mtupu kati ya kidole na fundo. Damu iliyopita mlangoni hairudi nyuma. Ondoeni kidole cha kwanza, nao utajaa mara moja kutoka chini. Ndivyo alivyofanya Harvey, naye akaona kwamba damu ya mishipa hiyo ina njia moja tu, nayo ni ya kwenda moyoni.

Kisha alifanya hesabu. Alisema, tuseme moyo hutoa nusu wakia tu ya damu kwa kila pigo. Katika nusu saa moyo hupiga zaidi ya mara 1,000. Basi katika nusu saa moyo umetoa wakia 500, yaani zaidi ya lita 13. Mwili wa mtu mzima una lita tano hivi za damu. Je, damu yote hiyo hutoka wapi? Chakula cha mchana hakiwezi kuitengeneza. Hapana jibu ila moja: ni damu ileile inayozunguka. Mwaka 1628 Harvey alitoa kitabu chake, na tangu siku hiyo utabibu ulipata njia mpya. Daktari anayepima presha, muuguzi anayemtilia mgonjwa maji ya mshipani, mtu anayetoa damu ili mama aliyejifungua apone, hao wote wanakanyaga njia iliyofunguliwa na swali la vilango vya Padova.

Nitamtaja mmoja zaidi. Giovanni Battista Morgagni alifundisha Padova kwa zaidi ya nusu karne. Zamani zile watu waliamini kwamba ugonjwa ni kuvurugika kwa maji manne ya mwili: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Morgagni alifanya jambo jingine. Aliandika mgonjwa alilalamika nini alipokuwa hai, kisha akatazama ndani ya mwili wake baada ya kufa, akalinganisha. Mwaka 1761, akiwa na umri wa miaka 79, alitoa kitabu chenye habari za wagonjwa karibu 700. Alionyesha kwamba ugonjwa una makao yake: huyu ini, yule mapafu, yule mshipa wa moyo. Ndiyo maana leo daktari hukuuliza, "Wapi panauma?"

Masomo ya udaktari yalipoanzishwa Makerere, Uganda, mwaka 1924, na Nairobi mwaka 1967, wanafunzi wa Afrika Mashariki nao walianza kwa mlango huohuo. Basi, mzee, hilo ndilo jibu la swali lako la kwanza. Fundi asiyeijua nyumba iliyofunikwa hawezi kuitengeneza bila kuibomoa. Binti yako akiukosea mshipa wa maiti, atarekebishwa na mwalimu. Akiukosea kwa mara ya kwanza katika mkono wa mtoto wako mdogo, nani atarekebisha?

Sasa nije kwenye swali la pili, lililonishinda siku ile. Maiti huyo ni mtu wa nani?

Siwezi kuwaficha ukweli, kwa maana haumpendezi mtu wa kazi yangu. Katika Padova desturi ilikuwa kuchukua maiti za wahalifu walionyongwa, na hasa wageni, wasio wenyeji wa mji wala wa Venice. Yaani mwenyeji alilindwa, na asiye na jamaa karibu wa kumlilia ndiye aliyelazwa mezani. Pengine hata hao hawakutosha, ndipo watu wakaiba. Vesalius mwenyewe ameeleza jinsi alivyochukua mifupa ya mtu aliyenyongwa nje ya mji wa Louvain, akaiingiza nyumbani kwa siri kipande kwa kipande. Katika Edinburgh mambo yalikuwa mabaya zaidi: huko, katika mwaka 1828, watu wawili, Burke na Hare, waliua watu 16 ili wauze maiti zao kwa mwalimu wa anatomia. Watu walipojua, walitetemeka. Mwaka 1832 Bunge la Uingereza lilitunga sheria ya kukomesha wizi wa maiti, nayo ikaruhusu maiti zisizodaiwa na jamaa zitumike. Wizi ulipungua, lakini angalieni ni nani aliyelipa: maskini aliyefia katika nyumba ya maskini, asiye na pesa ya mazishi. Kwanza ilikuwa adhabu ya kosa. Sasa ikawa kama adhabu ya umaskini.

Kwa hiyo majina ya Vesalius, Fabrici, Harvey na Morgagni tunayajua, na ngao za wanafunzi zimo ukutani hata leo. Wale waliolala mezani hawana ngao. Elimu yetu imejengwa juu ya miili ya watu ambao wengi wao hawakuulizwa. Hilo ni deni, na sisi wa kazi hii ndio wadaiwa.

Je, deni hili laweza kulipwa? Katika nyumba ileile ya Bo, katika chumba cha matabibu, kuna kabati la kioo, na ndani yake yamo mafuvu ya baadhi ya walimu wa chuo waliotoa miili yao wenyewe kwa elimu. Nilipoyaona, moyo ulitulia kidogo. Hao walitambua kwamba haiwi haki mtu kupasua wenzake maisha yake yote na kuuona mwili wake mwenyewe ni mtakatifu mno.

Njia waliyoifuata ndiyo njia ya haki, yaani mtu aseme mwenyewe akiwa hai, kwa akili yake, bila kulazimishwa. Siku hizi katika nchi nyingi watu hufanya hivyo kwa hiari. Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu kuutoa mwili wake ili utumike baada ya kufa kwake. Lakini ni lazima niseme wazi kwamba vyuo vingi vya Afrika hata sasa hutegemea zaidi maiti zilizokosa wenyewe katika vyumba vya maiti. Basi swali la mzee bado liko hai. Sikuja hapa kumshawishi mtu yeyote atoe mwili wake. Hilo ni jambo la mtu, dini yake na jamaa yake, wazungumze nyumbani kwa utulivu. Ninawaomba tu mlizungumze, kwa sababu jambo lisilozungumzwa humwangukia maskini asiye na wa kumsemea.

Wanafunzi, sasa nasema nanyi. Mtakapoingia katika chumba kile, mlango ufungwe. Picha zisipigwe. Mzaha usisikike. Kila sehemu ya mwili itunzwe, na mwisho wa masomo izikwe kwa heshima. Hizo ni kanuni, na mwalimu wenu atazisimamia. Lakini kanuni peke yake hazitoshi, kwa hiyo nawapa na maneno ya yule mzee.

Nilipomweleza mambo haya yote, alikaa kimya muda mrefu. Kisha alimgeukia binti yake akamwambia, "Nenda ukasome. Lakini kila asubuhi kabla hujamgusa, mwamkie." Sikupata kusikia funzo la anatomia lililo bora kuliko hilo.

Na angalieni lugha yake. Sisi walimu katika vitabu vyetu huandika "maiti hiyo", kana kwamba ni meza au kiti. Nami nimesema hivyo hapa mara nyingi leo, mnisamehe. Mzee tangu mwanzo alisema "maiti huyo". Alijua kwamba anayelala pale ni mtu, mwana wa watu, aliyebebwa mgongoni na mama yake kama sisi sote.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Wale wafu wa Padova hatuwezi kuwalipa, wala wale wa Edinburgh, wala wale wasio na majina waliowafundisha madaktari wetu wenyewe. Lakini yuko mgonjwa atakayeletwa kwenu usiku, maskini, mgeni, asiye na jamaa wala pesa, mtu ambaye zamani angelazwa juu ya ile meza. Mtakapomwamkia, mkamwuliza jina lake, mkamweleza mnataka kumfanyia nini, mkangoja akubali ndipo mkamgusa, hapo mtakuwa mmeanza kulipa.